Ndiyo ya Wilondja

Haya, tegeni masikio, na mwenye simu aizime, maana hii nikianza sirudii. Leo nawaletea wanawake watatu na mtoto mmoja asiye na jina, na nyie ndio mtaamua. Mkishindwa msinigeukie mimi. Mimi msimuliaji tu.

Wa kwanza ni Korini. Huyu wakili. Kipaji chake ni kwamba haburuzwi. Ukimwambia pita hapa ni karibu, atakuuliza kwanza hapo panatokea wapi.

Wa pili ni Mwanaidi, mtoto wa Tanga, mkalimani. Kipaji chake ni sikio. Anasikia neno ulilotamka na anasikia ulichotaka kusema, na akikuta viwili hivyo haviendani, hakupitishi.

Wa tatu ni Vena, mama wa Kizungu anayeuza makochi na makabati ya mitumba. Kipaji chake, hana haraka. Mteja atalalamika bei, atatukana, atajifanya anaondoka mpaka mlangoni, Vena anamtazama tu kama anatazama mvua.

Hawa watatu hawakuwa wanajuana. Walikutanishwa na jamaa mmoja anaitwa Wilondja.

Wilondja ni Mbembe wa Fizi, kule Kongo, ingawa Fizi yenyewe haikumbuki, alitoka huko akiwa mgongoni mwa mama yake. Kakulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huku Tanzania, kaoa hukohuko binti anaitwa Mapendo, halafu wakapata safari ya Marekani. Wakashushwa kwenye mji mmoja mdogo wenye kiwanda cha kuku. Jamaa akaajiriwa kukata mapaja. Asubuhi akitoka shifti anapewa lifti na mwenzake mmoja, Gareti, mwenye pikapu la buluu. Maisha yakawa yanasogea, na Mapendo akashika mimba. Mimba ya kwanza kukaa, baada ya mbili kuharibika. Hapo mjue jamaa alikuwa anatembea kama amebeba mayai kichwani.

Sasa asubuhi moja Gareti akabaki kazini kufanya ovataimu. Wilondja akaondoka kwa miguu. Njiani akapitia dukani kununua malimau, maana Mapendo alikuwa hali kitu bila limau. Akafika kwake, akalala.

Gareti kutoka nje, pikapu hakuna.

Polisi wakalitafuta, wakalikuta nyuma ya jengo alimopanga Wilondja, limeegeshwa, ufunguo ndani, na chini ya siti glovu ya Wilondja. Bana, glovu lazima iwemo, mtu anapanda gari hilo kila siku! Lakini nenda kamwelezee polisi.

Afisa aliyemhoji wala hakuwa mkali. Alimpa soda. Akamsomea haki zake, kwamba unaweza kunyamaza, kwamba unaweza kudai wakili. Wilondja kwa Kiingereza chake cha kiwandani, cha "leta kisu" na "ondoa ndoo", akaona huyu mtu mwema, tuongee tu. Mkanda unazunguka, unarekodi. Afisa akamuuliza taratibu, kama anamsaidia:

"Wilondja, hukuchukua gari la mwenzako, si ndiyo?"

"Yesi," Wilondja akasema.

Afisa akaweka kalamu chini. "Yesi?"

"Yesi, sa."

"Hukuliendesha mpaka kwenu?"

"Yesi. Yesi, yesi!"

Pingu.

Nyie mmeshaelewa. Mnacheka nini sasa? Kwetu mtu akikuuliza "hujala?" na kweli hujala, unajibu nini? "Ndiyo, sijala." Ndiyo maana yake umesema kweli, ndivyo ilivyo. Lakini Mzungu akiuliza hivyohivyo, kama hujala unatakiwa useme "no." Ukisema "yes" umekula, tena umeshiba. Sasa Wilondja alikuwa anaapa kwa nguvu zake zote kwamba hakuiba, na mkandani anasikika anakiri kwa nguvu zake zote kwamba kaiba.

Ngoja kwanza niwaambie mahakama za kule zinavyokwenda, maana nyie mnajua za kwenye TV tu. Kule ukishtakiwa jinai, anayekushtaki si Gareti. Ni serikali ya jimbo. Karatasi imeandikwa Jimbo dhidi ya Wilondja. Jamaa aliposomewa akashtuka: "Jimbo zima? Nimewakosea nini wote?" Anayesimama kwa niaba ya jimbo ni mwendesha mashtaka, na kazi ya kuthibitisha ni yake yeye. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kitu. Halazimiki hata kufungua mdomo. Siku ya kwanza jaji anakuuliza swali moja: una hatia au huna? Ukisema sina, kesi inaenda kusikilizwa. Na kama huna uwezo wa wakili, unapewa wa umma, bure.

Wilondja akasema sina. Jaji akamwachia arudi nyumbani kwa ahadi kwamba atakuja kila akiitwa. Na wakili aliyepewa ndiye huyo Korini.

Basi Korini.

Kabla kesi haijaanza, mwendesha mashtaka akamwita pembeni na mchongo. Kule unaruhusiwa, na kesi nyingi ndivyo zinavyoishia. Alikuwa kijana mmoja ana tai nyekundu, anatabasamu kama ameshakula. "Mteja wako akubali kosa dogo la wizi," akasema. "Hafungwi hata siku moja. Tunaandikishana, anarudi kwa mkewe, na mimi na wewe tunapumzika."

Sheria inamlazimu wakili apeleke habari hiyo kwa mteja, na mteja ndiye anaamua. Korini akaipeleka, mkalimani wa kwenye simu akatafsiri. Wilondja akaruka kwa furaha.

"Nyumbani leo? Nipe nisaini!"

"Kaa chini," Korini akasema.

"Mama, mke wangu ana mimba."

"Ndiyo maana nakwambia ukae." Akavuta kiti karibu. "Huu mchongo unatokea wapi, umeuliza? Ukisema nina hatia, umeshakuwa mtu wa makosa. Wewe si raia bado. Jela hulali, sawa. Lakini watu wa uhamiaji hawahesabu siku za jela, wanaangalia kosa. Wanaweza kukuandama wakurudishe."

"Wanirudishe wapi? Kambini nimeshaondolewa. Kongo simjui hata mtu wa kunionyesha choo."

"Basi uamuzi ni wako."

Mapendo alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya tumbo. Akasema, "Usisaini. Kama ulichukua, saini. Kama hukuchukua, usisaini."

Hakusaini. Bosi wa Korini akaja juu: una mafaili mpaka dirishani, utapoteza siku nzima kwa ajili ya pikapu? Na mkanda umeusikia! Kweli Korini alikuwa ameusikia, akadhani jamaa alitishika akakiri. Akishindwa, Wilondja anafungwa miaka kwa sababu ya ubishi wa wakili wake, na anajua hilo litamkaa rohoni. Lakini kwenda mahakamani akaenda.

Sasa Mwanaidi.

Siku ya kusikiliza kesi wakaitwa raia wa kawaida, wakaulizwa maswali, wakachujwa mpaka wakabaki kumi na wawili. Hilo ndilo juri. Hao ndio wanaamua kama ana hatia au hana. Jaji anaongoza tu mchezo uwe wa haki. Na Mwanaidi akala kiapo chake: atatafsiri yote, hataongeza, hatapunguza, hatakuwa upande wa mtu.

Mkanda ukapigwa. Yesi. Yesi, sa. Yesi, yesi! Mapendo akainamisha kichwa.

Wilondja angeweza kunyamaza, ni haki yake, lakini alikataa. Akapanda kutoa ushahidi, akaeleza shifti, akaeleza malimau. Yakaja maswali ya mwenye tai nyekundu.

"Asubuhi hiyo hukwenda nyumbani moja kwa moja, si ndiyo?"

Mwanaidi akaligeuza Kiswahili, halina ufa. Wilondja akajibu, "Ndiyo."

Mwanaidi akaligeuza Kiingereza: "Ni kweli, sikwenda."

"Pingamizi!" Kijana kasimama, tai inaruka. "Mheshimiwa Jaji, mkalimani anabadilisha majibu! Mimi nimesikia 'ndiyo.' Nimekaa humu kutwa nasikia ndiyo, ndiyo. Hata mimi sasa najua ndiyo ni yes!"

Hapo mambo yakawa magumu. Mnajua mkalimani akituhumiwa anapendelea mtu wa lugha yake, imekwisha? Haitwi tena. Njia rahisi ilikuwepo: samahani Mheshimiwa, amesema yes. Kamusi yenyewe ingemlinda. Halafu kijana angegeuka kwa juri: mnaona, sasa anasema alikwenda moja kwa moja, na malimau je? Mwongo huyu.

Jaji akavua miwani. "Mkalimani. Amesema ndiyo?"

"Amesema ndiyo, Mheshimiwa."

"Na ndiyo ni yes?"

"Swali likiwa la kawaida, ni yes. Swali likiwa limekataa, ndiyo inakubaliana na huko kukataa. Ameulizwa hukwenda, amesema ndiyo, yaani ni kama ulivyosema, sikwenda. Nikisema yes nitakuwa nimempa jibu ambalo hakulitoa, na kiapo changu hakiniruhusu."

"Una uhakika?"

"Mheshimiwa, mimi nilijibu hivyo kwa mama yangu kabla sijajua kutembea."

Watu wakacheka kidogo. Jaji hakucheka. Akamwambia: maelezo yako yanahusu jibu hili tu. Kuhusu mkanda usitamke lolote, wewe si shahidi. Mwanaidi akasema nimeelewa, akafunga mdomo. Toka siku hiyo mahakama ile haijampigia simu tena.

Korini kusikia vile, akili ikamfunguka. Ndiyo maana! Zamu yake ya kufunga hoja akawaambia juri: mkanda ule kausikilizeni upya, kwa masikio mapya. Lakini mwenye tai naye hakuwa mjinga. Akasema: "Yule mkalimani ni wa humu ndani. Kwenye mkanda hakuna mkalimani, hakuna Kiswahili. Mtu kaongea Kiingereza. Na kwa Kiingereza, yes ni yes." Akakaa.

Sasa Vena.

Juri wakafungiwa chumbani kujadili. Ngoja muelewe kitu kimoja: kule kwenye jinai lazima wote kumi na wawili wakubaliane. Na huulizwi "unadhani kaiba?" Unaulizwa kama jimbo limethibitisha mpaka hakuna shaka ya maana iliyobaki. Wakapiga kura ya kwanza. Kumi na mmoja, ana hatia. Mmoja, bado.

"Nani huyo bado?" akauliza msimamizi wao, baba mmoja ana shingo kama gogo.

"Mimi," Vena akasema.

"Mama, yes ni yes. Watoto wangu wananisubiri."

"Wamsubiri baba yao. Hata mimi nasubiriwa dukani."

Wakamwelewesha kwa upole, wakamwelewesha kwa ukali. Mmoja akamwambia unapenda kuonekana mwema. Mwingine akamwambia hawa watu wanajua Kiingereza wakitaka wao. Vena anawatazama tu. Mle ndani joto, watu wanajipepea. Halafu akamgeukia Shingo-Gogo, akaomba ruhusa vile Wazungu wanavyoomba.

"Utakereka nikifungua dirisha?"

"Ndiyo, fungua tu."

Vena hakunyanyuka. Muda ukapita.

"Mbona hufungui?" baba wa watu akauliza, jasho linamtiririka.

"Umesema utakereka."

"Nimesema hivyo saa ngapi?"

"Nimekuuliza utakereka, ukasema ndiyo. Wenzako wote wamesikia. Na yes ni yes."

Mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Shingo-Gogo akafuta jasho. Yeye mzaliwa wa palepale, Kiingereza kanyonya nacho, na kashikwa na swali la dirisha.

"Tuombe mkanda upigwe tena," Vena akasema.

Wakarudishwa ukumbini, wakausikiliza tena. Hukuchukua gari? Yesi. Safari hii mama mmoja wa juri akaweka mkono mdomoni. Wakarudi chumbani, wakabadilika mmoja mmoja, wa mwisho Shingo-Gogo, na hilo dirisha akaenda kulifungua mwenyewe.

Hana hatia.

Na kule juri likishatamka hivyo imekwisha, hawakushtaki tena kwa kosa lilelile. Wilondja akatoka na mkewe, wanatembea taratibu, Mapendo anahema. Kesi ikiisha watu wa juri wanaruhusiwa kusimulia, na habari ya Vena ikaenea: mtaani kwake wapo majirani ambao mpaka leo hawamsalimii. Eti umemwachia mwizi.

Mtoto akaja salama. Wa kike, mapafu mazuri, akilia anasikika mpaka ghorofa ya tatu. Ikafika siku ya kumtoa nje. Kwa watu wa kina Wilondja, mtoto akivushwa kizingiti jina lake linatamkwa hapo, kwa sauti, ndipo anaingia kwa watu. Na Wilondja alikuwa ameshaapa: huyu ataitwa jina la aliyemfanya baba yake asitenganishwe naye. Wakaalikwa wote watatu. Wali, maharage, samaki. Majirani wakajaa barazani.

"Ni Korini, maneno ya nini?" akaanza jirani mmoja, Asende. "Bila yeye jamaa angesaini. Hakuna kesi, hakuna juri, hakuna nani. Angekuwa kwenye ndege."

"Korini analipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo!" mkewe akamrukia. "Na mkanda alisikiliza akaona mteja wake mwizi. Mwanaidi je? Yule kapoteza kazi kwa neno moja. Bila neno hilo hao wengine wangepambana na nini?"

"Neno lilikuwa limeshatoka na watu kumi na mmoja wakalipuuza," akadakia mwingine. "Jina la Vena. Mtu mmoja dhidi ya kumi na mmoja, tena si wa kwenu, hata salamu hajui."

"Wape yote matatu basi, tule!"

"Wee!" Mapendo akasema toka ndani. "Mwanangu si basi la kupakia watu. Jina moja, la kumwita akipotea sokoni."

Wilondja akawageukia wageni wake. Mwanaidi akawa anatafsiri.

"Niwaulize kitu. Kila mmoja anijibu. Mliniamini?"

Korini akafuta mikono. "Sikukuuliza kama uliiba, na sikutaka kujua. Mwizi naye anahitaji wakili. Ningekupigania vilevile."

Mwanaidi akasema, "Mimi usinishukuru kama nilikutetea. Ndiyo yako ingekuwa ya kukufunga, ningeipitisha ikufunge. Nilichunga neno tu, kaka yangu."

Vena akamaliza kwanza samaki aliyeko mdomoni, si mnamjua. Halafu akaongea, na Mwanaidi akasita kidogo kabla ya kutafsiri. Akatafsiri lakini, haongezi, hapunguzi.

"Anasema: mpaka leo sijui. Labda ulichukua, labda hukuchukua. Hawakunithibitishia, basi."

Barazani kukachafuka. "Anakula samaki wetu huku anatuita wezi!" Asende akafoka. Mtu akasema atolewe nje. Wilondja kanyanyua mkono.

"Muacheni," akasema. "Mimi nilidhani mtu anakuokoa kwa sababu anakuamini. Hapa aliyeniamini ni mmoja, yuko ndani amembeba mtoto, na peke yake asingeweza kuniokoa. Hawa hawakuniamini hata mmoja, na nipo kwangu."

Mapendo akatokeza na mtoto kwenye kitenge cha kijani. Akafika kizingitini, akasimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akamtazama mumewe.

"Haya, baba yake. Mtoto anapata baridi. Nimwite nani?"

Wilondja akafungua mdomo, halafu akawaangalia tena wale watatu, mmoja mmoja.

Mimi naishia hapo mlangoni. Mapendo bado kasimama, mguu mmoja nje, na majirani wote wanasubiri. Aliyekataa njia fupi, aliyekataa kulipotosha neno, au aliyekataa kuharakishwa? Wewe hapo mbele, na wewe uliyejificha nyuma, mtoto angekuwa wako, ungemwita nani? Na ungemwambia nini siku akiuliza kwa nini?